Wageni wananyonga baiskeli ili binti asome: Fedha zinafikaje shuleni?

Ukipita barabara ya Mto wa Mbu kwenda Karatu miezi ya kiangazi, kuna siku utakutana na msafara usiofanana na ile ya magari ya watalii. Ni watu kumi au kumi na watano, wengine wenye umri wa kuitwa babu na bibi, wamevaa kofia ngumu na kaptula za kubana. Wanaupandisha ukingo wa Bonde la Ufa wakiwa wameinamia usukani, jasho linawatoka. Nyuma yao linatambaa gari lenye maji, ndizi, vipuri na fundi.

Watoto wa kando ya barabara hushangilia. Watu wazima hucheka na kuulizana: hawa wana fedha za kupanda ndege kutoka Ulaya, wanakosaje nauli ya gari hadi Karatu?

Baadhi yao ni watalii tu wanaopenda baiskeli. Lakini wapo wanaopanda mlima ule kwa sababu, miezi kadhaa kabla, waliwaambia ndugu, majirani na wafanyakazi wenzao: nitanyonga baiskeli kilomita mia kadhaa Afrika, wewe nichangie, na fedha zitakwenda kulipia masomo ya wasichana. Kwa lugha yao hiyo ni "changamoto" ya hisani. Wengine hupanda Mlima Kilimanjaro, wengine hukimbia mbio ndefu, hawa wamechagua pedali.

Saa chache baadaye, kengele ya mwisho ya shule ya kata ikishalia, barabara ileile hujaa wanafunzi wanaorudi nyumbani kwa miguu. Wasichana wenye sketi za shule wanatembea wawili wawili pembezoni mwa lami, mabegi mgongoni, viatu vyeupe kwa vumbi. Wengine wana saa nzima mbele yao kabla ya kufika kwenye ndoo ya maji na sufuria ya jioni.

Kwa mzazi anayesoma habari hizi, swali ni kile kinachounganisha misafara hiyo miwili: ile fedha inayochangwa kwa jina la binti, humfikia kwa njia gani, na ikimfikia inabadilisha nini?

Mama wa watoto watatu na dola 100

Wazo la kupanda baiskeli kwa fedha za mtu mwingine si la jana. Juni 1894 mwanamke wa Boston, Marekani, aliyeitwa Annie Cohen Kopchovsky, mama wa watoto watatu, aliondoka kwenda kuizunguka dunia na baiskeli. Kampuni moja ya maji ya chupa, Londonderry, ilimpa dola 100 ili aning'inize tangazo lake kwenye baiskeli na ajiite Annie Londonderry. Alikubali vyote viwili. Alirudi Septemba 1895, na wanahistoria mpaka leo wanabishana ni sehemu gani ya safari aliipita kwa pedali na ipi kwa meli na treni.

Annie hakuwa akichangia shule. Lakini aligundua jambo ambalo mashirika ya hisani yalikuja kulitumia karibu miaka mia baadaye: watu hawatoi fedha kirahisi kwa maelezo, hutoa kwa mtu wanayemfahamu anayefanya jambo gumu.

Na si lazima jambo lenyewe liwe la kusafiri. Mwaka 1991 Ann Cotton, mwanamke kutoka Wales, alikwenda Mola, eneo la vijijini Zimbabwe, kuchunguza kwa nini wasichana wengi hawafiki sekondari. Alikuwa ameambiwa kwamba wazazi hawataki, kwamba ni mila. Alichokikuta ni wazazi wanaotaka sana, ila fedha ya mtoto mmoja ikipatikana huenda kwa wa kiume, kwa sababu ndiye aliyedhaniwa kuwa na nafasi kubwa ya kupata kazi. Aliporudi Uingereza alianza kuoka keki na kuziuza sokoni Cambridge. Fedha za mwanzo zilisomesha wasichana 32. Mwaka 1993 shirika la Camfed likazaliwa, na tangu 2005 linafanya kazi Tanzania pia.

Lililo muhimu katika kisa hicho ni kile ambacho wazazi wa Mola walisema kabla ya keki ya kwanza kuokwa: tatizo ni gharama, tusisingiziwe mila. Shirika lililoanza kwa kusikiliza jibu hilo lilijua fedha ziende wapi.

Hesabu ya nyuma ya pazia

Safari hizi huendeshwa kwa namna mbili. Ya kwanza, mshiriki anajilipia kila kitu, ndege, malazi, chakula na kukodi baiskeli, halafu kila senti anayochangiwa inakwenda kwenye shirika. Ya pili, mshiriki analipa ada ndogo ya kujiandikisha na kuahidi kukusanya kima fulani cha chini. Gharama za safari yake zinakatwa humohumo kwenye michango.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mshiriki wa Uingereza anaahidi kukusanya pauni 3,500, zaidi ya Sh10 milioni. Safari yake nzima inagharimu pauni 1,800. Kama amejilipia, shirika linapokea 3,500. Kama safari imekatwa kwenye michango, linabaki na 1,700. Jirani yake aliyetoa pauni 20 kwa moyo safi, akidhani yote inakwenda kwa msichana wa Afrika, zaidi ya nusu ya noti yake imelipa tiketi ya ndege na hoteli.

Je, huo ni wizi? Hapana, ilimradi mchangiaji aliambiwa mapema. Mashirika hujitetea kwamba bila safari, hata hizo pauni 1,700 zisingekuwapo, na hoja hiyo ina uzito. Aidha, serikali ya Uingereza ina utaratibu wa kuongeza senti 25 kwa kila pauni moja ya mchango unaotolewa na mlipa kodi wa mapato, kwa masharti yake, na hiyo husaidia kuziba pengo. Lakini tofauti kati ya namna hizo mbili ni kubwa mno kuachwa bila kuulizwa.

Na historia inaonyesha kwa nini tuulize. Mwaka 2006 Mmarekani Greg Mortenson alitoa kitabu kilichouzwa kwa mamilioni kuhusu kujenga shule za wasichana Pakistan na Afghanistan. Hata watoto wa shule za Marekani walichanga sarafu zao. Mwaka 2011 kipindi cha televisheni cha 60 Minutes kilidai kwamba baadhi ya shule zilizotajwa zilikuwa tupu au zilijengwa na wengine. Mwaka uliofuata, baada ya uchunguzi wa mwanasheria mkuu wa jimbo la Montana kuhusu fedha za shirika lake, Mortenson alikubali kurejesha takriban dola milioni moja.

Hakuna aliyesema hakujenga shule kabisa. Alijenga. Kilichokosekana ni mtu wa kumwuliza hesabu wakati makofi yakiendelea.

Bonde la Panjshir

Katika visa vyote vya baiskeli na elimu ya wasichana, hakuna kinachofundisha na kuumiza kama cha Afghanistan.

Shannon Galpin, Mmarekani kutoka Breckenridge, mji wa milimani huko Colorado, mama wa binti mmoja, alianzisha shirika dogo liitwalo Mountain2Mountain mwaka 2006 kusaidia elimu ya wanawake na wasichana. Alipofika Afghanistan aliona kwamba wasichana hawapandi baiskeli. Wanaume walipanda, wavulana walipanda; msichana akionekana juu ya tandiko ilikuwa aibu kwa ukoo mzima. Mwaka 2009 alileta baiskeli yake ya milimani na kuipanda huko. Mwaka 2010 akavuka Bonde la Panjshir kwa baiskeli, ili kuchangisha fedha na ili watu wa kwao waione Afghanistan ambayo haipo kwenye habari za vita.

Kama mgeni, aliruhusiwa kufanya ambayo mwanamke wa pale asingeruhusiwa. Wazee walimkaribisha chai, wavulana walishindana naye. Wasichana walitazama.

Hapo ndipo penye kasoro ya changamoto nyingi za aina hii: anayefurahia baiskeli ni mgeni, na anayesaidiwa anabaki mtazamaji. Galpin mwenyewe aliliona hilo. Miaka michache baadaye alikuta mjini Kabul kundi la wasichana wa Kiafghani waliokuwa wakifanya mazoezi ya baiskeli kama timu ya taifa, alfajiri, kabla barabara hazijajaa watu wa kuwarushia mawe na matusi. Akahamishia nguvu zake kwao: baiskeli, vifaa, sare, mafunzo. Mwaka 2016 wabunge zaidi ya mia moja wa Italia waliipendekeza timu hiyo kwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Mmoja wa wasichana wa kizazi hicho ni Masomah Ali Zada. Alijifunza baiskeli akiwa mtoto, familia yake ikiishi ukimbizini Iran, na baba yake hakumkataza. Waliporudi Kabul aliendelea, akatukanwa, akarushiwa mawe. Mwaka 2017 familia ilipata hifadhi Ufaransa, akasomea uhandisi wa ujenzi mjini Lille. Kwenye Olimpiki ya Tokyo alishiriki mbio za kupambana na saa katika timu ya wakimbizi. Alimaliza wa mwisho kati ya wanawake 25, na picha yake ilizunguka dunia nzima. Olimpiki ya Paris 2024 ilipofika, yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara wa timu hiyo ya wakimbizi.

Wapo pia ndugu wawili kutoka mkoa wa Faryab, Fariba na Yulduz Hashimi. Mbio zao za kwanza walikimbia kwa baiskeli ya kuazima, wakiwa wamejifunika na kutumia majina ya uongo ili wazazi na majirani wasijue.

Agosti 2021 Taliban wakarudi madarakani. Wasichana waliopiga picha na baiskeli wakaanza kuzichoma picha hizo. Chama cha mchezo wa baiskeli duniani, UCI, na washirika wake walisaidia kuwatoa zaidi ya watu mia moja, wakiwamo wapanda baiskeli. Kina Hashimi walifika Italia, wakisaidiwa na bingwa wa zamani wa dunia, Alessandra Cappellotto. Oktoba 2022 mashindano ya taifa ya wanawake ya Afghanistan yalifanyika Aigle, Uswisi, kwa sababu hayakuweza kufanyika Afghanistan. Fariba alishinda, Yulduz akawa wa pili. Mwaka 2024 wote wawili waliendesha Paris chini ya bendera ya nchi yao.

Na kule walikotoka? Tangu Septemba 2021 wasichana wa Afghanistan wamefungiwa milango ya sekondari. Baada ya darasa la sita, basi. Desemba 2022 vyuo vikuu navyo vikafungwa kwao. Fedha zote zilizochangwa kwa pedali, keki na sarafu hazikuweza kuuzuia mlango huo usifungwe. Baadhi ya waliofaidika wako salama na wanasoma ugenini. Walio wengi wako nyumbani.

Baiskeli ikipewa msichana mwenyewe

Sasa geuza swali. Badala ya mgeni kunyonga baiskeli ili msichana alipiwe shule, itakuwaje msichana akipewa hiyo baiskeli?

Jimbo la Bihar nchini India lilijaribu mwaka 2006. Kila msichana aliyeingia darasa la tisa, ambalo huko ndio mwanzo wa sekondari, alipewa rupia 2,000 za kununulia baiskeli. Si serikali tajiri. Bihar ni miongoni mwa majimbo maskini zaidi India. Wachumi Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walifuatilia matokeo na kuyachapisha mwaka 2017: uandikishaji wa wasichana sekondari ulipanda kwa karibu theluthi moja, na pengo kati yao na wavulana likapungua kwa asilimia 40. Faida kubwa ilionekana kwenye vijiji vilivyo zaidi ya kilomita tatu kutoka shuleni, jambo ambalo mzazi yeyote wa kijijini angeweza kuwaambia bila utafiti.

Wasichana hao pia waliendesha kwa makundi. Barabara iliyokuwa ya wanaume watupu ikawa na sare za shule kila asubuhi, na watu wakazoea.

Karibu zaidi na kwetu ni Zambia. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanza mwaka 2005 kuwasaidia walioathiriwa na tsunami Sri Lanka, lilihamia Afrika na baiskeli yake iitwayo Buffalo. Ni chuma kizito, zaidi ya kilo 20, keria yake inabeba kilo 100, imetengenezwa kwa makusudi ili fundi wa kijijini aweze kuikarabati kwa spana za kawaida. Kwa Afrika Mashariki, zimekuwa zikiunganishwa Kisumu, Kenya. Sehemu ya fedha za shirika hilo hutoka kwa waendesha baiskeli wa Ulaya na Marekani wanaochangisha kwa safari zao, kama wale wa barabara ya Karatu.

Watafiti waliwapatia wasichana wa vijijini Zambia, wanaoishi zaidi ya kilomita tatu kutoka shuleni, baiskeli hizo, na kuwalinganisha na ambao hawakupata. Muda wa njiani ulipungua kwa zaidi ya theluthi. Kuchelewa shuleni kulipungua kwa theluthi mbili. Utoro ulipungua kwa zaidi ya robo. Alama za hesabu zilipanda.

Ila kuna jambo jingine mle ndani ambalo mashirika hayalitangazi sana, nalo ndilo linalomhusu mzazi moja kwa moja. Baadhi ya familia zilipewa baiskeli pamoja na kulipiwa vipuri. Nyingine zilitakiwa kuchangia fedha kidogo za vipuri. Wasichana wa kundi hili la pili, ambao wazazi wao walitoa chochote mfukoni, ndio walioonyesha ndoto kubwa zaidi za maisha, kujiamini zaidi, na nia ya kuchelewesha ndoa na mimba. Kwa nini? Maelezo yanaweza kuwa mengi. Lakini binti anayemwona baba akitoa fedha ya tyubu kwa ajili ya safari yake ya shule, ameambiwa jambo bila hotuba.

Kwenye mpango huo familia hutia saini mkataba: baiskeli ni ya kwendea shule, na mtoto akihudhuria kwa miaka miwili inakuwa mali yake. Kamati ya shule na kijiji hufuatilia isije ikageuzwa ya kubebea mkaa au ya kaka kwendea kijiweni. Hilo la kaka si dogo. Kaya nyingi zenye baiskeli moja, anayeiamkia ni mwanaume.

Kwetu gharama imehamia njiani

Tanzania ilifuta ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia Januari 2016. Kabla ya hapo ilikuwa Sh20,000 kwa mwaka kwa shule ya kutwa na Sh70,000 kwa bweni. Mwaka 2022 ikafutwa ya kidato cha tano na sita. Kwa hiyo mgeni anayechangisha leo "ada ya msichana wa Tanzania" kwa shule ya serikali, ama hajaambiwa ukweli ama anamaanisha kitu kingine.

Kilichobaki kinafahamika na kila mzazi: sare, madaftari, chakula cha mchana, taulo za kike, na zaidi ya yote, njia. Shule za kata zilisogeza sekondari karibu, lakini kata zetu ni kubwa. Msichana anayetoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza anakutana na giza, mbwa, mito ya msimu na dereva wa bodaboda anayesema panda tu mdogo wangu, utalipa siku nyingine. Wazazi wanajua siku nyingine hiyo inalipwaje.

Wengine hukimbilia mageto: chumba cha kupanga karibu na shule, wasichana wawili au watatu wa miaka 15 wakijipikia na kujilinda wenyewe. Umbali unapungua, hatari inabadilisha sura.

Sheria nayo imekaa nusu nusu. Tangu 2016 kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi ni kosa lenye kifungo cha miaka 30. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, kifungu ambacho Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Maana yake kwa vitendo ni kwamba jina la binti kuendelea kuwapo kwenye daftari la mahudhurio ni ulinzi wa kisheria. Akianza kutoroka kwa sababu ya umbali, anapoteza zaidi ya somo.

Je, baiskeli ndiyo jawabu? Si kila mahali. Shinyanga, Simiyu na Tabora, ambako ardhi ni tambarare na akina mama wamezoea kunyonga baiskeli kwenda mnadani, ndiyo. Lushoto au Rungwe, mteremko wa asubuhi ni hatari na mpando wa jioni ni adhabu. Zambia yenyewe ilionyesha hivyo: faida iliongezeka kadiri umbali ulivyoongezeka, halafu ikaanza kushuka kwa waliokaa mbali kupita kiasi. Msichana wa kilomita 15 anahitaji bweni, na fedha za wageni zingefanya vizuri kununua vitanda na kumlipa matroni.

Wakija shuleni kwenu

Siku msafara ukiegesha baiskeli kwenye uwanja wa shule ya mtoto wako, kutakuwa na ngoma, hotuba na picha. Mara nyingi wazazi huitwa kupiga makofi. Wajumbe wa bodi ya shule wana haki ya kuuliza mambo machache kabla ya ngoma kuanza.

Kwanza, kiasi gani hasa kinabaki baada ya gharama za safari, na kitaingia akaunti ipi. Mchango wa shule ya umma uingie akaunti ya shule na halmashauri ifahamu. Bahasha aliyopewa mtu mmoja mkononi ni chanzo cha ugomvi wa miaka mitano. Na usaidizi huo ni wa muda gani? Kumlipia msichana sare na chakula kidato cha pili halafu kumwacha wa tatu kwa sababu mchangishaji wa mwaka huo hakusafiri tena, ni kumrudisha kwenye geto akiwa na aibu juu.

Pia nani anachagua wasichana, na kwa vigezo gani. Wageni hupenda kuwachagua wanaojua Kiingereza na kutabasamu mbele ya kamera. Walimu na wajumbe wa mtaa ndio wanaojua nani anatembea kilomita nane na nani baba yake ana duka.

Halafu picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na picha yenye jina, shule na simulizi ya umaskini wa familia ni taarifa ya mtoto. Ikishapandishwa kwenye ukurasa wa michango Ulaya haishuki kirahisi. Binti atakapokuwa na miaka 25 akitafuta kazi, bado atakuwa yule "msichana maskini" wa mtandaoni. Mzazi anaruhusiwa kusema: andikeni habari za shule, uso wa mwanangu hapana. Shirika lenye adabu litaelewa.

Kuna na ombi ambalo mara chache hutolewa, nalo halina gharama kwa mgeni. Anaporudi kwao akiwa na baiskeli ya mamilioni, awaulize waandaaji: je, kuna baiskeli hata moja inayobaki hapa kwa ajili ya wasichana, na fundi wa kuitunza?

Zikibaki, kazi inayofuata ni ya nyumbani, na ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Tandiko lishushwe ili miguu ya binti iguse chini anaposimama. Afungiwe kinga ya cheni, sketi isinaswe. Apate pampu, viraka na gundi, na afundishwe kuvibandika yeye mwenyewe, asisubiri kaka arudi. Taa au hata kioo chekundu cha nyuma kwa asubuhi za giza. Kufuli. Na Jumapili jioni, sare ikishapigwa pasi, mtu mzima mmoja aitoe nje baiskeli, aizungushe gurudumu la nyuma na kubana breki aone kama inashika.